Wembe Shingoni mwa Jirani

Ndugu zangu, palikuwa na kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita mwenye moyo mweupe. Jirani yake alikuwa amemchongea binti wa kinyozi huyo hata posa ikarudishwa. Naye kinyozi, mbele ya wazee, alitamka kwamba amesamehe na yamekwisha.

Asubuhi moja jirani huyo akaja kunyolewa. Akaketi, akafungwa shuka, akapakwa povu, akainua kidevu.

Kinyozi akanoa wembe. Masikio yakawaka moto, akasema moyoni, bati limeshika jua. Goti likamcheza, akasema, nimesimama tangu alfajiri. Meno yakakazana, pumzi ikawa fupi kama ya mtu apandaye mlima, naye akalisingizia jino lake bovu. Mwalimu wake wa kazi alimwonya zamani kwamba mkono usiotulia haushiki wembe. Lakini ungekosaje kutulia, naye alikwisha kusamehe? Akanyoa shavu moja. Akashuka shingoni, pale mshipa unapopiga, na tone la damu likadondoka juu ya shuka jeupe.

Jirani akamshika kifundo cha mkono, polepole. "Fundi, weka wembe chini."

"Una hofu gani? Nilikusamehe mbele ya watu."

"Ulimi wako ulinisamehe. Mkono wako haujapata habari. Nautazama kiooni unavyotetemeka tangu uliponifunga shuka."

Je, kioo hicho kilikuwa cha nani? Si cha kinyozi mwenyewe? Miaka kumi na miwili amesimama mbele yake akitazama nyuso za wateja. Sasa akainua macho, akaona uso ambao, lau angekutana nao njiani, angeukimbia. Akaweka wembe. Akaketi kwenye benchi la wateja, akasema neno ambalo mwaka mzima hakulisema: "Nina hasira nawe. Bado."

"Basi leo tunaweza kuzungumza," akajibu jirani, ndevu zikiwa zimebaki upande mmoja.

Ndugu zangu, mjumbe hauawi. Na mwili ni mjumbe: hutangulia kubisha hodi kabla hasira haijaingia ndani. Sisi je? Ni mara ngapi tumbo limetukaza tukalaumu chakula, kisha jioni tukampiga mtoto? Tunalisingizia jua, tunalisingizia jino, na wembe uko mkononi.

Hapo ulipoketi, ndugu yangu, kiganja chako kimekunjwa au kimekunjuka? Usimtazame wa pembeni. Tazama chako.