Ya Topeni Hayapelekwi Ukweni

Ya topeni hayapelekwi ukweni. Ndivyo shangazi yenu alivyosema asubuhi, nanyi mkacheka kama watu walioelewa. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Mwenyewe nilikula pilau ya harusi iliyofuata, kwa hiyo nitawaeleza ilivyokuwa.

Huko Lushoto, upande wa Mlalo, alikuwapo mwalimu mstaafu wa hesabu, Mwalimu Shemhilu. Alifundisha miaka thelathini na minne akitembea kwa miguu, na alipostaafu alinunua gari dogo lililokwisha kutumika Japani. Alilipenda mno. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa akisema kwamba mumewe hajapata kumfungulia mlango yeye, ila huo wa gari huufungua na kuufunga kwa mikono miwili.

Mwezi wa kwanza tu, gari lilikwama kwenye matope karibu na shamba lake la viazi. Kila alipokanyaga mafuta, injini ilinguruma kidogo kisha ikanywea, tairi zikagoma kuzunguka. Akaitwa fundi Hoza. Fundi akaingia, akabonyeza kitufe kimoja kando ya usukani, chenye picha ya kigari kinachoacha nyuma mistari iliyopinda kama nyoka. Taa ya njano ikawaka. Akakanyaga mafuta, tairi zikazunguka kwa kishindo, zikakwangua tope mpaka zikapata pa kushika, na gari likatoka.

Fundi akaeleza kuwa kitufe kile kinazima mtambo unaozuia tairi zisiteleze. Mtambo ukihisi tairi inazunguka ovyo, hupunguza nguvu ya injini, jambo linalofaa barabarani lakini halifai kwenye tope zito. Akaongeza kwamba mtu akishatoka topeni auwashe tena. Maneno hayo ya mwisho Mwalimu hakuyasikia, maana alikuwa amekwisha inama anafuta tope mlangoni.

Alichobaki nacho kichwani ni hiki: kuna kitu ndani ya gari kinachopunguza nguvu, na kuna kitufe cha kukikomesha. Tangu siku hiyo, kila alipowasha gari mtambo uliamka wenyewe, naye akaulaza kwa kidole. Ilikuwa kiangazi na barabara zilikuwa kavu. Miezi mitatu ikapita bila jambo. Mkewe alipouliza ile taa ya njano inaonya nini, alijibiwa kuwa haionyi, inaarifu tu kwamba dereva ni mzoefu.

Basi Singano akataka kuoa. Singano alikuwa mpwa wa Mwalimu; mama yake, dada wa Mwalimu, alifariki mtoto angali ananyonya, Mwalimu akamlea kama mwana wa kumzaa. Binti aliyemtaka alikuwa wa Mzee Kaoneka, mkulima wa makabichi, mtu mpole lakini mgumu wa kutoa binti. Alikuwa amekwisha wakataa wachumba wawili, mmoja kwa sababu tu mjomba wake alifika na bodaboda akaivurumisha uani, kuku wakakimbilia kwa jirani. Mzee alisema mtu hulelewa na mjomba, na ukitaka kujua breki za kijana tazama za mjomba wake.

Mwalimu alilijua neno hilo. Siku ya kupeleka posa alivaa koti lake la mahafali, akaendesha taratibu, Bi Mwanaidi kando yake, na nyuma mshenga, Mzee Kaniki, ameshika barua ya posa kwenye bahasha nyekundu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na udongo mwekundu ulikuwa umelainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

Nyumba ya Mzee Kaoneka iko chini kidogo ya barabara. Wenyeji walikuwa wamejipanga barazani. Mwalimu alipowaona, moyo ukamjaa, akataka gari liwasili na sauti yake. Kwenye kona ya mwisho akakanyaga mafuta. Tairi zikazunguka, na hapakuwa na wa kuzizuia. Mkia wa gari ukatangulia kama ng'ombe aliyeona majani ng'ambo. Likageuka zima, likateremka kinyumenyume mpaka uani, likakita matako yake kwenye lundo la samadi, likatulia.

Hakuna aliyeumia. Mzee Kaniki, ambaye alikuwa ameyakariri maneno yake wiki nzima, alishuka na kuanza kusalimu, kumbe ameelekea zizi. Ng'ombe mmoja akaitika.

Mzee Kaoneka aliwakaribisha ndani bila kutabasamu. Walipokwisha kunywa maji alisema tu kwamba kwao wageni wa posa huja kwa uso. Mshenga akakimbilia kuilaumu mvua, na Bi Mwanaidi akaunga mkono kwa kichwa. Mwalimu akaona njia ya kutokea iko wazi. Lakini alikuwa amewachapa watoto wengi kwa kunakili majibu.

"Si mvua, mzee mwenzangu," akasema. "Gari lina mtambo wa kuzuia utelezi. Nimeuzima mwenyewe, kwa kidole hiki."

Kisha akaongea Bibi Namweri, mama yake Mzee Kaoneka, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka.

"Uliuzima kwa nini, mwanangu?"

"Nilikwama topeni, bibi. Tulipouzima, gari likatoka."

"Na wewe ulipokuwa topeni, viatu ulivaa?"

"Nilivua, bibi. Nikakunja suruali hadi magotini."

"Mbona leo umekuja na viatu, na suruali umeishusha?"

Mwalimu akatazama miguu yake. "Leo nimekuja ukweni, bibi."

"Basi na gari ungelivalisha," akasema bibi. "Ya topeni hayapelekwi ukweni."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Kaoneka mwenyewe. Alicheka mpaka akashika nguzo. Alipopata pumzi alinyoosha mkono kwa mshenga akaomba ile bahasha, akasema breki za gari la mjomba zina mashaka, lakini ulimi wake hautelezi, na hilo ndilo alilokuwa akilitafuta kwa aliyemlea mkwe.

Posa ikapokewa. Vijana wakalitoa gari kwenye samadi, na Mwalimu akarudi nyumbani taa ya njano imezimika, mkewe ameweka kiganja juu ya kile kitufe njia nzima.

Kwa hiyo si kwamba kitufe ni kibaya. Kilimtoa shambani, na siku akikwama tena kitamtoa. Lakini dawa ya siku ya shida si chakula cha kila siku, na aliyeponea jambo mahali pamoja asilibebe kila aendako. Ndiyo maana watu wa kule, wakimwona mtu ametoka kwenye dhiki lakini bado anaishi kwa kanuni za dhiki, hawamgombezi. Humwambia tu: ya topeni hayapelekwi ukweni.