Pelele Alivyomfungulia Nyati Kompyuta

Bisheni! Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, sebule na majirani wa kuwaringia, Nyati alikuwa na kompyuta. Wewe wa nyuma, mbona unacheka? Bisha sasa hivi, kisha unyamaze, maana mwalimu wenu hajawahi kuwasimulia hii na hataweza. Mimi naijua yote, hata nani alikohoa wakati gani.

Pelele ni mnyama mdogo. Ukimwona utasema ni sungura aliyekatwa masikio. Baridi ya usiku humkaza viungo, na asubuhi lazima aote jua juu ya mwamba ndipo damu itembee. Ukimnyima jua, umemuua.

Basi Nyati akaja kwenye mwamba wa kina Pelele, akaupenda.

"Hapa najenga," akasema.

Nani angembishia, na zile pembe? Akajenga. Jua lote likawa la bati lake. Pelele na familia yake wakabaki kwenye ufa chini ya ukuta, gizani, maji yakichuruzika. Kipupwe cha kwanza kikamchukua mumewe. Cha pili kikamchukulia watoto wawili. Akabaki na mmoja, kitinda mimba wake, jina lake Tunu.

"Mama," Tunu akauliza kipupwe cha tatu kilipopiga hodi, "na mimi nitakakamaa kama kaka zangu?"

"Kithubutu!" Pelele akajibu. Lakini alipomgusa miguu, ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Ufa ule ulikuwa na tundu lililotokea sebuleni kwa Nyati, nyuma ya meza. Juu ya meza ndipo ilipokaa kompyuta, na feni yake ilipuliza nyuma, moja kwa moja tunduni. Vuguvugu kidogo tu. Nyati akizima, baridi inarudi.

Siku hiyo Nyati alikuwa akicheza mchezo wa magari na Kiboko, jirani yake wa bondeni, kila mmoja akiwa kwake. Pelele akachungulia. Mara skrini ikaganda. Gari la Nyati likasimama katikati ya kona, la Kiboko likapita, vuuuum!

"Ala!" Nyati akapiga meza, puu! "Kiboko ananipita mimi? Na tumbo lote lile?"

Pelele akatoka tunduni, akajipangusa vumbi. "Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Unatoka wapi, we kipande cha panya?"

"Kwangu, chini ya ukuta wako. Nimekuja kukupa pole. Mashine yako haikushindwa, bwana. Imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na walioitengeneza. Ina miguu ya swala, wao wakaipa mwendo wa punda. Ipo programu ya kuifungua. Unaipakua, unaifungua, unavuta mshale kwenda kulia. Basi!"

Nyati akapumua kwa pua, fruuu! Kompyuta aliijua kuwasha na kuzima. Mengine alimwachia Mungu.

"Haiharibiki?"

"Ukienda taratibu, haiharibiki. Unasogeza mshale kidogo, unaijaribu, unatazama joto. Ikiganda, unarudi nyuma hatua moja. Na hapa pana kufuli la joto. Ikichemka kupita kiasi, inajizima yenyewe."

Hayo yote yalikuwa kweli tupu. Mjanja hasa haanzi na uongo, shikeni hilo. Aliyajulia wapi? Fundi Kicheche alipoileta mashine alimweleza Nyati kila kitu. Nyati alisinzia. Pelele, kule tunduni, alikuwa macho.

Wakavuta kidogo, wakajaribu. Wakavuta tena, wakajaribu. Ikaganda, wakarudi nyuma. Jioni ile Nyati alimshinda Kiboko, akacheka mpaka bati likatetemeka.

"Kuanzia leo, dada Pelele, wewe ni mtu wa nyumba hii!"

Lakini dada Pelele aliporudi ufani alimkuta Tunu anatetemeka. Mchezo umekwisha, mashine imezimwa. Kasi ingemfaa nini? Alichotaka ni joto, na mashine haitoi joto mpaka ifanyishwe kazi.

Akakaa akawaza. Asubuhi akarudi sebuleni.

"Bwana mkubwa, hiyo misuli ya shingo uliipataje?"

"Kwa kupigana! Nisipopigana muda mrefu nalegea."

"Na mashine ndivyo hivyohivyo. Ile programu ina zoezi. Ukiliwasha, mashine inapiga hesabu mfululizo kwa nguvu zake zote. Ukilizima, inalegea. Na ikilegea, Kiboko huyoo!"

Hapo ndipo Nyati aliponasa. Lile zoezi ni la kupimia tu kama mashine itastahimili kasi uliyoipa. Ukisharidhika, unalizima. Lakini Nyati hakujua nguvu nyingine isipokuwa ya nyama na shingo. Maneno yale yakamwingia kuliko yote ya fundi.

"Iwake!" akanguruma. "Mchana na usiku!"

Ngrrrrrr! Mashine ikapiga hesabu ambazo hakuna aliyeziuliza, majibu yake hakuna aliyeyataka. Joto likamiminika tunduni kama uji. Tunu akanyoosha miguu. Akala majani. Akamng'ata mama yake sikio kwa mchezo, na Pelele akacheka, kisha akageukia ukutani ili mtoto asimwone anavyolia.

Nyati naye kila asubuhi aliipapasa mashine. "Sikia inavyohema! Dume hilo!"

Kisha kipupwe kikakomaa. Nyasi zikaamka nyeupe kwa umande ulioganda. Joto lile halikutosha tena. Tunu akaanza kukohoa, koho, koho, kikohozi kilekile walichoanza nacho kaka zake.

"Bwana mkubwa," Pelele akasema, "tuiongezee umeme kidogo."

Akaongeza. Mashine ikachemka, mara tii! Skrini nyeusi.

"Imekufa?" Nyati akashtuka.

"Haijafa. Lile kufuli la joto limeizima. Ni kufuli la waoga, bwana. Wewe ni mwoga?"

"Mimi? Mimi niliyemtoboa simba? Liondoe!"

Pelele akaiwasha, akalitafuta kufuli. Alijua vizuri kazi yake, fundi aliitaja mara mbili. Kule ndani ya ukuta Tunu akakohoa. Akaliondoa.

Sasa joto likaja la kweli. Usiku huo Tunu alilala bila kukohoa hata mara moja.

Siku chache baadaye Kiboko na mkewe wakaleta habari kwamba wanakuja kuiona hiyo mashine inayowashinda. Nyumba ikawa mbiombio. Mama Nyati, mke wa mwenye nyumba, alikuwa na msemo wake, kwamba sebule isiyo na vitambaa ni zizi. Akatandika vitambaa vya kufuma kwenye viti, kwenye redio, kwenye kabati. Kile kizuri kuliko vyote, cheupe, kizito, chenye maua pembeni, akaifunikia kompyuta, ngrrrr zake zikawa za mbali. Kikaning'inia mbele na ubavuni. Hewa ikabaki na njia moja tu, ya nyuma.

Wageni wakaketi. Chai ikamiminwa. Pelele akakaa kwenye kigoda akisifu.

"Hii mashine, mzee Kiboko, haina mpinzani bonde zima!"

"Mmh," Kiboko akasema, pua juu. "Shemeji, kuna kitu kinaungua?"

"Ni maandazi," Mama Nyati akajibu. "Karibuni, msione haya."

"Maandazi haya hayajaungua."

Pelele akageuka kuitazama meza. Kitambaa kilikuwa kimepata doa la kahawia katikati.

Pah!

Moto ukaruka. Kiboko akapindua kiti, mkewe akapita mlangoni na mlango wenyewe. Nyati akamwaga birika zima la chai juu ya mashine, fyaaa! Moshi mzito, mweusi, wenye harufu ya plastiki, ukajaa. Ukafuata njia ileile liliyokuwa likipita joto.

"Tunu!" Pelele akapiga yowe.

Akatoka mbio akazunguka nyumba. Mdomo wa ufa ulikuwa ukitoa moshi kama bomba. Akaingia. Akakaa humo mpaka Mama Nyati akadhani hatoki. Kisha akatoka kinyumenyume, amembeba mtoto kwa ngozi ya shingo.

Tunu alikuwa na joto mwili mzima, hata miguuni. Hakukohoa. Hakukohoa tena.

Nyati akaja akasimama juu yao, masizi usoni. Akautazama ufa, akautazama ukuta wake, na taratibu, kama gogo zito linavyobingirika, akaelewa.

"Kumbe! Mashine yangu ilikuwa jiko lako! Umeniibia joto langu, mwizi wewe!"

"Wewe kwanza ulichukua jua langu," Pelele akasema, wala hakuinua kichwa.

Nyati akageuka. Akaondoka.

Funzo lenu hili hapa: mlinzi akikuudhi, usimfukuze kabla hujauliza analinda nini.

Haya, inukeni, mwende zenu.

Basi kaeni. Kuna kipande nimekiruka. Nimewaambia Mama Nyati aliifunika kompyuta, na ni kweli aliifunika. Lakini kwanza alitaka kuizima. "Inatupigia kelele na wageni wanakuja," alisema, na kwato lake lilikuwa tayari kwenye swichi. Aliyemzuia ni Pelele. Asubuhi ile alikuwa amemgusa Tunu miguu, akaona imepoa kidogo. Kidogo tu.

"Usizime, mama," alimwambia. "Ifunike."