Pimbi na Maji ya Kwanza

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakifunga milango yao kwa komeo na kuazimana chumvi, palikuwa na pimbi mmoja aliyekaa katika mwamba, ukingoni mwa nchi ya Nyati.

Nimesema pimbi, watoto, na nataka mlishike jina hilo. Wako wanaomwita wibari, na wako wanaomwita kwanga, hao hawakukosea. Lakini asiwepo wa kumwita panya. Panya ana mkia, pimbi hana. Na asiye na mkia ana taabu za kutosha bila kuongezewa jina lisilo lake.

Jina lake la nyumbani lilikuwa Bi Sikudhani.

Mwaka mmoja, mwanzo wa vuli, kitu kilianguka mlangoni pake. Puu! Alipochungulia akamwona ndege wa mawindo, bawa moja likining'inia.

Bi Sikudhani akarudi nyuma upesi. "Ewe ndege, si ninyi mnaotula sisi?"

"Anayewala ninyi ni tai, bibi," ndege akajibu kwa sauti ya kuchoka. "Mimi ni kozi, tena kozi mdogo. Chakula changu ni panzi na kumbikumbi. Nimetoka Uchina, nimevuka bahari, na bawa langu limeteguka."

"Basi niwie radhi. Jina la mtu si jambo la kukosea. Karibu ndani."

Akamkanda bawa kwa maji ya moto, akamlisha, hata akapona. Siku ya kuagana, Kozi akatoa kikopo kidogo cha bati. Ndani mlikuwa na konzi moja tu ya vitu vyeusi, vimejiviringa kama punje za mbaazi zilizokauka.

"Ni chai," Kozi akasema. "Kwetu huitwa wulongi, maana yake joka jeusi. Si chai nyeusi mnayoijua hapa, wala si chai ya kijani. Imesimama katikati ya hizo mbili. Mama yangu alinipa kabla hajafa. Akasema, 'Usiinywe peke yako. Inywe na atakayekufaa ugenini.'"

"Basi nibandike maji?"

"Leo nina haraka, na chai hii haipatani na haraka. Nitunzie. Masika yakianza nitapita hapa nikirudi kwetu, tutakunywa pamoja. Nikichelewa, ukanikuta nimechoka, utaitengeneza wewe. Sikiliza. Maji ya kwanza huyaosha majani na kuyaamsha, basi. Hayanywewi, humwagwa. Maji ya pili huyafungua. Ya tatu na ya nne ndiyo chai yenyewe. Na majani yale yale utayatilia maji tena na tena, wala hayatachoka kukupa."

Bi Sikudhani akakipokea kikopo kwa mikono miwili. "Hii ni amana," akasema. "Na nyumbani kwangu amana hailiwi."

Sasa katika nchi ile palikuwa na sheria. Kitu chochote kigeni kilichoingia, wazee wa baraza walikuwa na haki ya kukikagua. Kikiwa chakula, walikionja. Kikiwa chombo, walikitazama. Wakikiona cha thamani, kiliwekwa ghalani kwa Nyati, kwa faida ya wote. Wakikiona duni, kilimrudia mwenyewe. Na neno la baraza likishatamkwa halikurudi.

Kioo cha Kicheche kiliingia katika ghala lile kwa faida ya wote. Zumari la Nungunungu liliingia. Tangu siku hiyo Kicheche hakujua tena sura yake, wala Nungunungu hakupiga tena zumari, na hao wote hawakuona faida.

Bi Sikudhani akakificha kikopo katika ufa wa mwamba, akanyamaza. Lakini jirani alikuwa na macho, na macho yake yalikuwa na mdomo.

Masika yakaanza. Asubuhi moja Kozi akatua, amekonda, vumbi la nchi saba limemjaa manyoyani.

"Amana yangu ipo?"

"Ipo kama ulivyoiacha."

Kozi akafumba macho kwa furaha. "Niache nilale kidogo, bibi. Jioni upepo utageuka, na wenzangu wote wataondoka nao. Nikiachwa nyuma sitaweza bahari peke yangu. Lakini kwanza tutakunywa chai ya mama." Akalala palepale, kichwa chini ya bawa.

Bi Sikudhani akapuliza moto, akabandika maji, akatoa birika lake dogo na vikombe vyake vya kahawa, vile visivyo na mkono. Maji yalipoanza kuimba, mlango ukatikisika.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Hodi!" ilikuwa sauti ya Nyati. Alipiga hodi huku pembe zake zikiwa zimekwisha ingia ndani.

"Karibu, Mkuu," akasema Bi Sikudhani. Akatoka nje upesi, akavuta mlango nyuma yake, maana mgeni alikuwa amelala.

Uani walikuwa wamesimama watatu: Nyati, mkuu wa nchi, Kiboko, aliyekuwa mwonjaji wa baraza kwa sababu ya upana wa kinywa chake, na Mzee Tembo, aliyekuwa akisema mara chache, na kwa hiyo wengi walidhani hasikii.

"Tumeambiwa una chai ya Kichina," Nyati akasema.

"Ninayo, Mkuu. Lakini si yangu. Ni amana ya mgeni."

"Kilichoingia nchini kimeingia nchini. Kilete!"

Bi Sikudhani akakileta. Kiboko akatia pua ndani ya kikopo, akaguna.

"Ala! Hii ni chai au mavi ya mbuzi?"

"Ni chai, bwana. Majani yamejiviringa tu."

"Na ni hiki tu? Konzi moja?"

"Hicho tu."

"Itie yote," Nyati akaamuru. "Ikiwa njema, birika na vilivyomo vinakwenda ghalani. Nitaagiza kufuli jipya."

Ndani ya mwamba amelala mtu aliyebeba neno la marehemu mama yake, na hapa nje zimesimama pembe, kinywa na mkonga. Bi Sikudhani kushindana hawezi. Kukimbia hawezi. Akaleta uani birika, vikombe na maji ya moto, akayatia majani ndani ya birika, polepole, apate kufikiri. Na katika kufikiri kwake akakumbuka jiko la Nyati.

Nyumbani kwa Nyati, nazi ilipokunwa na kukamuliwa, tui la kwanza, lile zito, lilikuwa la Nyati mwenyewe. Tui la pili lilikuwa la wake zake. La tatu, jepesi, lilikuwa la watumishi. Machicha yalitupiwa kuku. Nyati hakujua njia nyingine ya kupima kitu.

"Mkuu," akasema Bi Sikudhani kwa adabu, "kabla sijamimina, naomba kuelekezwa, nisije nikavunja heshima. Maji ya kwanza niwape nani?"

Nyati akacheka puani. "Mwenzangu Kiboko, umesikia swali hilo? Maji ya kwanza ni ya wakubwa, mama! Tangu lini tui la kwanza likapewa mdogo?"

"Nauliza kwa kuwa mgeni aliniambia, kuhusu maji ya kwanza, kwamba—"

"Mgeni hana desturi hapa!"

"Alisema kwamba maji ya kwanza huya—"

"Mimina!"

"Nimesikia, Mkuu." Akamimina maji ya moto birikani. Chwaaa! "Tungoje kidogo?"

"Tungoje nini? Tui hukamuliwa, halingojewi!" akafoka Kiboko. "Koo langu limekauka!"

"Kama mnavyosema, wakubwa." Na papo hapo, majani yakiwa hayajafumbua hata jicho, akayamimina maji yale katika vikombe vitatu. Yalikuwa na rangi ya maji yaliyopita juu ya majani makavu ya paa.

Kiboko akachungulia. "Sukari iko wapi?"

"Mwenyewe alisema haitiwi sukari."

"Maziwa?"

"Wala maziwa."

"Hata tangawizi? Lo!" Akafungua kinywa, akatupa kikombe kizima ndani. Glu! Akakitema kikombe, akatazama huku na huku. "Nimekunywa, au nimeota?"

Nyati akanywa wake kwa mkupuo mmoja. Akaungua ulimi. Akasubiri utamu uje. Haukuja.

"Hii si chai," akasema Kiboko. "Haya ni maji ya kunawia!"

Bi Sikudhani akainamisha kichwa. Katika siku ile yote, Kiboko hakusema neno la kweli kuliko hilo.

Lakini Mzee Tembo alikuwa bado hajanywa. Alikiacha kikombe chake kipoe, akanywa kidogo kidogo, kama mtu anayesoma. Na kilipokwisha hakukiweka chini. Akaleta ncha ya mkonga juu ya kikombe kitupu, akavuta pumzi. Fffff. Akatulia. Akavuta tena.

Bi Sikudhani akaona hatari. Maji yale yalikuwa hayana ladha, lakini harufu ni kitu kingine. Ndani ya kikombe kitupu ilikuwa imebaki harufu nyembamba, kama asumini baada ya mvua, na nyuma yake kama njugu zinazokaangwa katika nyumba ya mbali. Kinywa cha Kiboko hakikuijua. Mkonga wa Tembo uliijua.

"Sema, Mwonjaji," Nyati akaamuru.

"Duni!" Kiboko akasema.

"Nami nasema duni. Kama tui la kwanza ni maji matupu, machicha yatakuwaje? Mzee Tembo?"

Tembo akamtazama Bi Sikudhani kwa macho yake madogo, akasema taratibu, "Mama, nina swali. Majani haya yamekwisha kutoa, au bado yana neno?"



Bi Sikudhani angeweza kusema uongo. Uongo ulikuwa karibu, tena mfupi. Lakini akasema, "Mzee wangu, ukiniuliza nitakujibu kweli tupu. Ila nijulishe kwanza: swali lako ni la kabla ya hukumu, au la baada ya hukumu?"

Tembo akakinusa kikombe mara ya tatu. Masikio yake yakapepea. Pa. Pa.

"La baada," akasema.

"Maswali ya baada si kazi ya baraza!" Nyati akasema, akapiga kwato chini. Ko! "Chai hii ni duni. Birika, kikopo na machicha vimrudie mwenyewe, awape kuku!"

"Sina kuku, Mkuu," akasema Bi Sikudhani. "Nitakunywa mwenyewe."

Kiboko akacheka hata akashika mbavu. "Kunywa, mama, kunywa! Masikini hakosi chakula!"

Wakaondoka, ardhi ikitetemeka, tii, tii, tii, mpaka kishindo kikafifia bondeni.

Bi Sikudhani akamwamsha Kozi. Akatia maji ya pili, wakangoja. Walitazama tu jinsi punje zile zilivyoanza kukunjuka ndani ya birika. Maji ya tatu yalitoka na rangi ya asali ya nyuki wadogo. Kozi akanywa, akafumba macho. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo yenyewe. Mama alikuwa akiimba akiitengeneza."

Hapo kivuli kikaziba mlango.

"Hodi," ikasema sauti nzito, kutoka nje, mbali na mlango kama ipasavyo.

"Karibu, Mzee Tembo."

"Nimekuja na swali langu la baada."

Bi Sikudhani akamjazia kikombe. Tembo akanywa maji ya nne, akakaa kitako chini, akakinusa kikombe kwa muda ambao mtu angeweza kumaliza kupalilia tuta la viazi.

"Mama," akasema mwishowe, "je, ulitudanganya?"

"Niliwaambia kweli, Mzee, kwa kadiri walivyokuwa na subira ya kuisikia. Sentensi yangu ilikatwa mara mbili. Ya tatu sikuianza."

"Na hiyo ya tatu, hukuianza makusudi?"

"Makusudi," akasema Bi Sikudhani, na hakuangalia chini.

Tembo akakigeuza kikombe kidogo katika ncha ya mkonga. "Kioo cha Kicheche niliamua mimi kuwa cha thamani. Sikujitazama ndani yake hata mara moja. Niliona kinang'aa tu. Zumari nalo sikulisikia." Akavuta pumzi. "Nimekuwa mzee wa baraza miaka mingi, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuonja kitu."



Jua likashuka, upepo ukageuka. Angani makozi wenzake wakaanza kukusanyika, kii, kii, kii. Kozi akainuka, akatazama ndani ya birika kwa mara ya mwisho. Majani yalikuwa yamekunjuka yote, mazima, makubwa, na vikonyo vyake, kama siku yalipochumwa mlimani. Akachukua jani moja akalitia chini ya bawa, na mengine akamwachia mwenyeji wake.

"Bado yana maji mawili au matatu," akasema.

"Nitamnywesha Mzee Tembo," Bi Sikudhani akajibu. "Ana maswali mengine."

Kozi akaruka akaenda na wenzake. Siku ya pili Kicheche aliamka akakuta kioo chake kimeegemezwa mlangoni, na Nungunungu akakuta zumari lake. Na katika udongo wa ua zilionekana nyayo pana za duara, za mtu asiyeweza kujificha hata akitaka. Nyati alitafuta mwizi mpaka kiangazi. Akamuuliza kila mnyama, ila Tembo, kwa sababu aliamini hasikii.

Shikeni hili basi, watoto: mwenye pupa hunywa maji ya kuoshea majani, kisha husimulia kwamba ameonja chai.