Nyayo Zilizokauka Kando ya Bwawa

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na majirani wa kusengenyana, kulikuwa na nchi yenye bwawa moja tu, na bwawa hilo lilikuwa na wenyewe.

Wenyewe walikuwa wakubwa: Mzee Tembo aliyetawala, Bwana Simba na Bwana Nyati. Chini yao alikuwa Nyani, mnyapara, na fimbo yake. Chini ya Nyani ndiko walikokuwa wadogo: Panya, Pimbi, Kobe, na ukoo wa Nguchiro. Ukizaliwa mdogo ulikufa mdogo, hata uwe na akili namna gani.

Sasa sikilizeni sheria yao. Unyayo wa mdogo ulihesabiwa kuwa uchafu. Kila mdogo alitembea na ufagio, akifuta nyayo zake, fya, fya, fya, akirudi kinyumenyume kama mwizi. Sheria ilisema mkubwa akikanyaga unyayo wa mdogo, ukubwa wake umekwisha. Tangu hapo naye ni mdogo, na atafagia. Babu yake Tembo ndiye aliyeitunga, ili wadogo wakae mbali.

Na wadogo walikunywa mwisho, wakubwa wakishakunywa, kuoga na kugaagaa. Waliachiwa tope.

Mwaka mmoja jua lilizidi. Siwema, binti Nguchiro, alikuwa na mdogo wake wa kunyonya, na maziwa ya mama yao yakakauka. Mtoto alikuwa halii tena, anafungua mdomo tu na kuufunga. Siwema hakuweza kumtazama. Akaenda kwa Nyani.

"Shikamoo, Mnyapara."

"Marahaba. Umefuta huko nyuma yako?"

"Nimefuta. Naomba kibuyu kimoja cha maji safi. Mama hana maziwa, mtoto anatutoka."

"Mzee Tembo amekwisha kunywa leo?"

"Bado."

"Basi hata mimi sijanywa. Unataka mtoto wa nguchiro anitangulie mimi?" Nyani akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie mama yako apunguze kuzaa."

Hasira ilimpanda Siwema. Alitaka kumng'ata palepale. Lakini aliona macho ya Nyani yalivyokuwa mekundu, yanatoka machozi, na akili yake ikaanza kwenda mbio.

"Pole na macho, Mnyapara."

"Vumbi hilo. Mnafagia ovyo ovyo. Jana Mzee Tembo amepiga chafya, Bwana Simba nusura adondoke majini."

"Kwetu mama hafagii uwanja mkavu. Kwanza hunyunyiza maji, vumbi likalala."

"Maji yenyewe yatoke wapi?"

"Si bwawani?"

"Maji ya wakubwa?"

"Si yanamwagwa kwa ajili ya wakubwa? Mzee akikuta uwanja umepoa, hauna hata chembe ya vumbi, atauliza ni nani aliyewaza jambo hili. Mimi sitasema kwamba ni mimi."

Nyani akajikuna kidevu, akatabasamu. "Una maneno wewe kisichana. Haya, kesho asubuhi. Lakini atakayeonja hata tone, nitamvunja mgongo."

Mmesikia, wadogo zangu? Maji ya kumwagia vumbi yalipatikana. Ya mtoto hayakupatikana.

Asubuhi wadogo wote wakaja na vibuyu na fagio zao. Nyani aliwasimamia kidogo, kisha akaenda kujichana manyoya ili sifa zimkute nadhifu.

"Mwageni," Siwema akasema. "Msinyunyize, mwageni. Mpaka udongo ulainike kama ugali."

Chwaa! Chwaa! Walimwaga kulizunguka bwawa lote, eneo pana ambalo hata Simba asingeliruka.

"Sasa wekeni fagio chini, mtembee."

Wote wakasimama. Kobe, bibi kizee wao, akauliza polepole, "Tutembee tuache nyayo?"

"Tuache nyayo, bibi yangu. Kila mahali."

Panya akaukumbatia ufagio wake. "Siwema, sijawahi kuacha unyayo tangu nizaliwe."

"Basi acha leo uuone."

Panya akaweka mguu, akauinua, akainama kuangalia. Aliangalia kwa muda mrefu. "Kumbe una vidole," akasema kwa sauti ndogo. Akaweka mwingine.

Pwata, pwata, pwata! Walitembea, wakakimbia, wakacheza, mpaka hapakubaki mahali pa kuweka hata ukucha. Mama yake Siwema akapita na mtoto mgongoni, na wote wakaingia ndani ya duara, wakaketi kwenye ukingo wa maji. Wakanywa. Mama akanywa mpaka akapumzika, akanywa tena. Jua nalo likafanya kazi yake: udongo ukakauka kama tofali, na nyayo zikabaki humo.

Adhuhuri wakubwa wakafika. Nyani alikuwa mbele, amejichana vizuri. Akaona, fimbo ikamponyoka.

"Futa," Mzee Tembo akamwambia.

Nyani akanyoosha ufagio kutoka pembeni. Fya, fya. Haukufutika unyayo hata mmoja.

"Ingia ndani uzivunje."

"Niingie mimi, Mzee? Nikikanyaga nitakuwa mdogo. Baba yangu aliteseka maisha yake yote ili mimi nishike fimbo."

Bwana Simba akanguruma. "Nani amefanya uchafu huu?"

"Mimi," Siwema akasema, akasogea mbele ya wenzake. "Njoo unikamate, Bwana Simba. Pita hapo."

Simba akainua mguu. Akatazama chini, akamwona Nyati anavyomtazama. Akaurudisha.

"Tutakaa hapa mpaka mtoke," Nyati akasema.

"Karibuni mkae. Sisi tuko kwenye maji."

Wakakaa. Jua likawachoma. Ulimi wa Nyati ukaning'inia, masikio ya Tembo yakaacha kupepea. Ndani ya duara mtoto alianza kulia, kilio kikubwa cha mtoto mwenye nguvu, na mama yake akamwekea ziwa mdomoni.

Nyani ndiye wa kwanza kuvuka. Alipita mbio, amefumba macho, akatumbukiza kichwa kizima. Wakubwa wakamngoja ageuke uchafu. Alikuwa Nyani yule yule, ila amelowa. Simba akafuata, kisha Nyati. Mzee Tembo alibaki peke yake na ukubwa wake mpaka jua lilipoinama. Halafu akainua mguu, tih! Akakanyaga unyayo wa Panya.

Alipofika kwenye maji hakunywa. Alisimama kama aliyepotea njia.

"Kwa sheria ya babu yangu," akasema, "hapa hakuna mkubwa hata mmoja. Sasa nani anakunywa kwanza?"

"Aliyetangulia kufika, Mzee," Siwema akajibu. "Leo wewe ni wa mwisho. Simama nyuma ya Bwana Nyati, na usitibue maji, kuna watoto."

Tembo akasimama nyuma ya Nyati. Na mpaka leo wanyama wa nchi ile hunywa hivyo.

Hadithi nimeitua hapa, na funzo lake ni hili: anayemnyima mwenzake maji kwa sababu ya alikozaliwa, asishangae siku mwenzake huyo atakapokataa kumfagilia njia.