Tausi Aliyeanguka Mbele ya Baraza

Hapo zamani, mji wa Kiwandeo ulipenda farasi kuliko ulivyowajua. Farasi akianguka ghafla mbioni, husemwa ana jini, naye huchinjwa papo hapo. Kuchinja, mji mzima ulijua. Kuuliza kilichomwangusha, hakuna aliyejua.

Siku ya mashindano, mbele ya baraza la Sultani, farasi wake aitwaye Tausi aliyumba, akaanguka puu. Mwatime, aliyemlea tangu akinyonya, roho ilimruka. Mchinjaji tayari alikuwa anakunja mikono ya kanzu.

"Sogea, binti. Ana jini huyo."

"Umeliona wapi?" Mwatime akalala juu ya ubavu wa Tausi. "Basi anza na mimi."

Kisu kikainuka. Msellem, aliyekuwa akiongoza mbio, akageuza farasi wake, akaruka chini, akaukamata mkono wa mchinjaji. Ushindi ukampita hivihivi.

Ndipo Bi Kauthari, mshona matandiko, akapenya na mkasi, akakata ukanda wa nyuzi za fedha shingoni mwa Tausi. Sultani aliutaka umbane vizuri, apendeze. Shingo ilipotuna kwa mbio, ukamkaba.

Tausi akavuta pumzi. Akapiga chafya. Akasimama! Vigelegele vikapasua uwanja. Akatembea mwenyewe hadi mwisho wa mbio, mji mzima nyuma yake ukiimba, na mchinjaji akapiga makofi, kisu kwapani.

"Desturi ile imekufa leo," Sultani akasema. "Na Tausi ni wa aliyemwokoa."

Furaha ya Mwatime ikaingia baridi. Yaani wamchukue?

"Nisingelala pale, mngekuwa mnagawana nyama," akasema.

"Bila mkasi wangu ungekumbatia mzoga," Bi Kauthari akajibu.

"Na ukanda aliushona nani, Bi Kauthari?"

"Mimi, mwanangu. Na asubuhi nani alimsikia akikohoa, akanyamaza?"

Mwatime akainama. Kweli alimsikia. Aliogopa kulisema pambo la Sultani.

"Mimi sikushona wala sikunyamaza," Msellem akasema. "Na ushindi nimeuacha."

"Anakula nini, unajua?" Mwatime akamuuliza.

"Nitajifunza."

Tausi, wala hana habari, alikuwa anatafuna kilemba cha Msellem.

Sultani akakuna ndevu. Ukanda ule aliuamuru yeye, na hilo hakuna aliyethubutu kulitaja. Akanyoosha hatamu kwa watu.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, hatamu hizi hapa: aliyeziba njia ya kisu, aliyekishika, au aliyekata ukanda? Je, Tausi aende na nani?