Kuni za Pangoni

Hapo zamani, njia zilipokuwa ndefu na miguu ndiyo hii hii miwili, palikuwa na mlima uliokula siku nzima ya msafiri. Ukiuanza alfajiri, unateremka upande wa pili jua likizama. Juu kabisa, ambako hakuoti mti, palikuwa na pango, na pango lilikuwa na sheria moja: ukiota moto, acha kuni kwa anayekuja. Humjui anayekuja, wala hukuulizwa kama unampenda.

Siku hiyo walipanda Namkunda na shangazi yake Nakijwa, kikongwe asiyekubali kubebwa. Namkunda alikuwa amefunga mgongoni kwa mbeleko kigoda cha ukoo, cha miguu mitatu, kilichokaliwa na wakuu wa ukoo tangu babu wa babu yake. Kaka yake alikuwa ng'ambo ya mlima, akisubiri kusimikwa mkuu juu ya kigoda hicho. Shangazi naye alibeba mzigo wake kichwani, ndani kwa ndani: maneno ya kumsimika mkuu. Aliyebaki kuyajua ni yeye peke yake.

Walipofika mwisho wa msitu, shangazi akasema, "Mwanangu, okota kuni. Huko juu hakuna kitu."

"Shangazi nawe! Mgongo umejaa. Kuni za pangoni hazijawahi kukosekana."

"Haya. Mwenye mgongo ni wewe."

Wakapanda. Hawajafika mbali wakakutana na Senzighe, mtu wa ukoo wao, anateremka amembeba mkewe, na mke anachemka kwa homa.

"Shikamoo, shangazi," akasema, macho chini.

"Marahaba, baba. Pole. Huko juu kwema?"

"Kwema," akajibu Senzighe, akapita mbio.

Wakapanda. Nyuma yao akaja Kiando, naye wa ukoo huo huo, amebeba mzigo wa kuni kavu zilizofungwa kwa ngozi, kuni za karamu ya kusimikwa. "Shikamoo, shangazi! Dada Namkunda, kwa mwendo huo mtakuta mifupa tu!" Akacheka, akawapita.

Wakapanda. Adhuhuri wakala makande ya baridi wamesimama. Ukungu ukashuka, baada ya ukungu upepo, baada ya upepo mvua ya mawe. Shangazi akaanza kujikwaa. Namkunda akamshika mkono, kisha akamshika kiuno, kisha akamburuta, hadi wakaingia pangoni.

Kuni hakuna. Hata kijiti. Palikuwa na majivu, na chini ya majivu makaa mawili matatu yenye uhai.

"Ala! Mtu gani huyu asiye na haya?" Namkunda akafoka. Kisha akakumbuka maneno yake mwenyewe kule msituni, na hasira ikamgeukia ikawa aibu. Akachoma fimbo yake, akachoma fimbo ya shangazi, akachoma kikapu cha makande. Moto ukanyanyuka kidogo, ukalala tena. Shangazi alikuwa ameacha kutetemeka, na anayeacha kutetemeka kwenye baridi ile, jamani, huyo anaondoka.

Namkunda akafungua mbeleko.

"Usithubutu," shangazi akanong'ona. "Niache mimi."

"Ukifa na maneno yako, kaka atasimikwa na nani?"

"Na kigoda kikiungua atakalia nini? Makalio yake?"

Namkunda akacheka huku analia. Akakipigiza kigoda mwambani, akatia motoni mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kiti chenyewe. Shangazi akapata joto. Mvua ilipokatika wakateremka, wakafika jua likizama, mikono mitupu.

Ukoo ule ulikuwa na desturi. Kigoda kikipotea, mwenye kosa hutolewa motoni: haoti tena moto wa ukoo, wala hazikwi kwenye migomba ya babu zake. Na hutolewa mtu mmoja tu, maana ukianza kutoa kila mwenye kosa, nani atabaki kuhukumu? Wazee wakamngoja Senzighe, akafika siku ya tatu, mkewe amekwisha kupona. Wakakaa. Kaka yake Namkunda alisimama, maana hakuwa na pa kukaa.

Senzighe akasema, "Kuni nilizimaliza mimi. Mke wangu alikuwa anakufa. Ningerudi msituni kuokota nyingine, ningemkuta maiti. Lakini makaa yaliyomwokoa shangazi niliyaacha mimi."

"Neno moja tu, Senzighe," akasema Namkunda. "Ungetuambia neno moja. Tulikuwa bado karibu na msitu."

"Niliona haya, dada."

Kiando akasema, "Pango nililiona tupu. Lakini sheria inasema ukiota moto, na mimi sikuota. Kuni zile nilitumwa, na cha kutumwa hakigawiwi njiani."

"Kuni za karamu," akasema shangazi. "Na karamu yenyewe iko wapi?"

Ikabaki zamu ya Namkunda. Habari ya kule msituni waliijua yeye na shangazi tu, na shangazi alikuwa anatazama pembeni, anatafuna tumbaku yake. Namkunda aliogopa, maana mama yake alizikwa kwenye migomba ile. Hata hivyo akasema, "Niliambiwa niokote kuni, nikakataa. Kigoda nimekichoma kwa mikono yangu. Na mkinirudisha pangoni kesho, nitakichoma tena."

Wazee wakataka kunong'onezana. Shangazi akatema tumbaku.

"Mbona mimi hamniulizi? Niliota moto pale, nikapona, nikaondoka, na nyuma yangu sikuacha hata kijiti. Nihesabuni na mimi."

Wazee wakatazamana hadi jua likazama. Mimi sikuwapo. Lakini ninyi mpo hapa, mnaota moto wangu, na hakuna hata mmoja aliyekuja na ukuni. Basi semeni: kati ya hao wanne, nani atolewe motoni?