Zimwi Lililoitikia

Sogeeni karibu, na atakayesinzia afinywe!

Alikuwapo Mize, msuka mikeka, mtunzi wa ngano zake mwenyewe. Kila jioni aliita barazani, "Paukwa!" Majirani walicheka, hakuna aliyeitikia. Naye alihadithia hivyo hivyo, mikono ikisuka. Jana kimya, leo kimya, kesho kimya! Mwishowe akachoka. "Basi, na zife," akasema, akaingia ndani.

Mara ardhi ikatetemeka, ti! ti! ti! Mlango ukang'oka. Zimwi, meno kama mashoka!

"Mize, leo nakula mji mzima!"

"Tumekukosea nini?"

"Njaa! Kila jioni nilikuja kula watu, nikakukuta unahadithia, nikajibanza nyuma ya ukuta nikasikiliza hata njaa nikaisahau. Leo umenyamaza! Yule binti wa ngano ya jana, uliyemwacha kisimani, alitoka?"

Moyo wa Mize ukaruka. Kumbe alikuwa na msikilizaji! Zimwi likapanua kinywa limmeze, naye akalipigia ukelele usoni: "Paukwa!"

"Pakawa!" likaitikia, lisiweze kujizuia. Na aitikiaye hainuki mpaka ngano iishe. Likaketi, naye Mize akahadithia, jioni hiyo na kila jioni iliyofuata.

Mji ule upo hadi leo, ndugu zangu, na watu wake bado wanauliza ngano za Mize zina faida gani.